Mbuzi wa Mama Mkwe na Betri ya Kuungaunga

Nikianza kusimulia haya, mke wangu Kabugho huinuka akaenda kuchekea jikoni, na nyie chekeni tu, aibu yenyewe nilishaizoea. Mimi ndiye yule bwana harusi aliyemfungia mbuzi wa mama mkwe ndani ya gari mbele ya ukoo mzima.

Wakati huo nilikuwa nikiongoza wageni wanaopanda mlima kutoka Nyakalengija, na nilikuwa nimepata gari langu la kwanza, la Kijapani, lile la kuwashwa kwa kubonyeza kitufe na betri yake inakaa nyuma kwenye buti (nililifuta vumbi hata pasipo na vumbi). Siku moja kabla ya kupeleka mahari kwa kina Kabugho, huko Kyondo, betri ikaanza kuchoka. Kila niliyemuuliza Kasese alinijibu kitu kimoja: magari ya namna hiyo nenda Bwera, kwa yule mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeuza betri, hakuna mwingine. Sasa, yule mama wa Butembo ndiye Mama Masika, mamake Kabugho! Na kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kusimama dukani mkivutana bei.

Nikafika Bwera, nikamwona kwa mbali ameinama juu ya betri zake, banange, nikajitupa nyuma ya magunia ya kahawa, nikanyata mpaka upande wa pili wa soko kwa jamaa mmoja aliyeniambia, "Betri ni betri, kaka." Vichwa vya betri yake vilikuwa vyembamba kuliko vishikio vya nyaya za gari langu, basi akakata kopo la soda, akazungushia vipande vya bati, akakaza, gari likawaka, nami nikamsifu kwamba huyu ndiye fundi.

Kesho yake mbuzi wengine walitangulia kwa pikapu, lakini mbuzi wa mama, yule ambaye asipoonekana binti hatoki, nilimpakia mwenyewe kwenye buti, jike jeupe nililoliogesha kwa sabuni. Barabara ya Kyondo mnaijua, tulirushwa mimi na mbuzi mpaka tukafika. Nikashuka na suti yangu, nikabonyeza rimoti, gari likalia kwi kwi, milango ikajifunga, wasichana wakageuka, na mimi nikatembea polepole ili watazame vizuri.

Mbuzi wakahesabiwa, kisha msemaji wao akauliza, "Na wa mama yuko wapi?"

Nikainuka kwa madaha, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Ndani mbuzi akalia meee, wageni wakaangua kicheko, nikavuta mlango kwa nguvu koti likapasuka mgongoni, rafiki zangu wakaja kusukuma gari (kulisukuma liende wapi, hata wao hawajui), simu zikatolewa kupiga video, jua la utosini linawaka, na sauti ya mbuzi ikaanza kupungua. Mjomba wangu aitwaye Kule akaokota jiwe avunje kioo.

Baba mkwe akainua mkono. "Wacha jiwe! Huyu anashindwa kutoa mbuzi kwa gari yake mwenyewe, na binti yangu nimpatie aende kumfungia wapi? Mbuzi ya mama ikikufa humo, murudi na zenu zote."

Miaka mitatu nilikuwa nimemngojea Kabugho.

Ndipo sauti ya Mama Masika ikatoka nyuma ya nyumba: "Muulizeni uyo mutoto, betri iko mbele ao iko nyuma?"

Shangazi wa Kabugho akaniuliza, ingawa nilikuwa nimesikia kila neno. Nikajibu nyuma. "Anasema nyuma!" shangazi akapeleka.

"Alete ufunguo. Na mutu wa pikipiki atoe betri yake."

Mama akaja amezibwa na kitenge kilichoshikwa na wanawake wawili, mimi nikageuzwa nitazame migomba, lakini (nakiri) nilichungulia, na nikaona mikono miwili tu. Mikono ile ikachomoa ndani ya rimoti yangu ufunguo mdogo wa chuma, ambao nilikuwa nimetembea nao mwaka mzima bila kujua kama upo, ikafungua mlango wa dereva, ikafungua boneti, ikainua kifuniko fulani chekundu, ikagusisha nyaya za betri ya pikipiki, na buti kule nyuma ikasema ta! ikafunguka. Mbuzi akaruka nje, akanywa beseni zima la maji. Sijaona fundi wa namna ile, Kasese wala Kampala.

Kisha mkono mmoja ukachomoa kwenye buti vipande vya kopo vilivyolegezwa na barabara, ukaviinua juu ya kitenge, wote wavione. "Muulizeni, juu ya nini jana hakukuja kwangu? Nilimuona akijificha nyuma ya magunia."

Nilitamani ardhi inimeze. "Niliona aibu, mama," nikasema mwenyewe, nimesahau kabisa kupitia kwa shangazi.

Mama akamgeukia mumewe. "Baba Masika," akasema, "mutu mwenye ananiheshimu mpaka anaharibu gari yake, mutoto yetu atamuheshimu. Mupatie."

Mzee akacheka mpaka fimbo ikamponyoka, na Kabugho akaitwa atoke.

Tangu siku hiyo niliapa: gari likikohoa tu, naenda Bwera, nasimama nje ya duka nimegeuza mgongo, nauliza kwa sauti, na mama ananijibu kutoka ndani. Uso wake mpaka leo siujui vizuri. Lakini mikono ile naijua, na kila binti yetu anapofungua kitu kilichoharibika, huwa naangalia mikono yake kama ni ileile.