Sauti ya Binti Yetu Kwenye Kanda Ndogo

Deki yetu ya video ilikuwa ya kwanza pale Tinde. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la pamba, kisha akaacha kazi akaenda kuchimba dhahabu Geita. Mwaka aliobahatika alirudi na deki, televisheni na jenereta ndogo, vyote amevizungushia magodoro visivunjike njiani. Muuzaji alikuwa na deki za aina mbili, za kanda kubwa na za kanda ndogo, akamshauri achukue ya kanda ndogo kwa kuwa picha yake ni safi zaidi. Hakumdanganya. Baadaye niliziona zote mbili, na ya kwetu ilikuwa safi zaidi kweli.

Padre wa parokia yetu, mgeni kutoka ng'ambo, alikuwa na kamera ya kanda ndogo kama zetu. Siku binti yetu alipopokea komunyo ya kwanza, padre aliwapiga watoto video nje ya kanisa, kisha akatuletea kanda.

"Ikae kwenu," alisema. "Hakuna mwingine hapa mwenye mashine ya kuionyesha."

Ndani ya kanda ile binti yetu amesimama na gauni jeupe alilomshonea shangazi yake. Padre anamuuliza, "Na wewe umemwomba Mungu nini leo?" Anajibu, halafu anaficha mdomo kwa kiganja na kucheka. Basi, ni kipande hicho tu. Wakati ule tulikitazama mara moja au mbili, tukaenda kwenye kazi zetu.

Masika yaliyofuata alianza kuumwa kichwa siku ya Jumatatu. Alhamisi tulimzika Samuye, kwa wazazi wa mume wangu. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo.

Miezi mingi sikutaka kuisikia kanda ile. Mume wangu aliitazama peke yake asubuhi, nami nilikuwa jikoni na mlango nimeufunga. Siku moja nikaingia, nikaketi karibu yake. Tangu hapo tukawa tunaitazama pamoja. Tulimsikia akijibu, tukamsikia akicheka, kisha mume wangu anazima jenereta.

Deki ikaanza kukoroma, halafu ikagoma kabisa. Nilidhani ni ugonjwa mdogo. Lakini kufikia wakati huo Shinyanga nzima ilikuwa imehamia kanda kubwa. Mwenye duka mmoja aliigeuzageuza kanda yetu mkononi.

"Mama, hizi hazitengenezwi tena kama zamani. Spea zake hata Mwanza utazitafuta."

Kanda ilikaa sandukuni miaka kadhaa, ndipo mume wangu akafunga safari nayo kwenda Mwanza kutafuta fundi. Kabla hajatoka nilimwambia, "Baba watoto, usiiache mkononi mwa mtu." Akasema hataiacha.

Huko alimpata fundi mwenye deki moja kuukuu ya aina yetu. Fundi aliifungua kanda, akamwonyesha ukungu mweupe ulioanza kuota ndani.

"Mzee, hii haitamaliza mvua mbili," alimwambia. "Naweza kuihamishia kwenye kanda kubwa leo. Ila mashine yangu inatoa picha tu, upande wa sauti umekufa."

"Na nikisubiri upate nyingine?"

"Sijui nitaipata wapi."

Mume wangu alitoka nje, akasimama barabarani muda mrefu. Hivyo ndivyo alivyonieleza. Kisha akarudi, akamwambia fundi aihamishe. Picha zilipokwisha kuhama, mashine ile kuukuu iliimeza kanda ya padre. Ilitoka vipande.

Alipofika nyumbani tulikwenda kwa jirani mwenye deki ya kanda kubwa. Binti yetu akatokea, gauni jeupe, jua usoni. Midomo yake ikacheza. Akaficha mdomo, mabega yakatikisika.

"Ongeza sauti," nilimwambia.

Ndipo mume wangu aliponieleza kuwa sauti haikuhama. Nilimwambia maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mume wake mbele ya jirani. Nilimwambia amemzika mara ya pili. Jirani alitoka, akatuachia nyumba yake.

Mume wangu alisema polepole, "Tunajua alichosema. Alisema ameomba mvua."

"Hakusema mvua," nilisema. "Alisema ameomba bibi apone."

"Mvua. Nakumbuka vizuri."

"Bibi yake."

Tukarudisha nyuma, tukatazama midomo. Tukarudisha tena. Mara ya nne sikuwa na hakika tena, na nikamwona naye hana hakika. Padre alikuwa amekwisha kurudi kwao, na watoto waliosimama pale siku ile, tulipowauliza baadaye, kila mmoja alisema jambo lake.

Pale kwa jirani, mume wangu aliinua mikono akajifunika uso. Nilikuwa bado na hasira naye, lakini nilisogea nikamshika bega, na kwenye kioo cha televisheni mtoto alikuwa anaendelea kucheka.