Baiskeli ya Springi Isiyokuwa na Keria

Kosa ni langu, jamani. Sikurogwa, sikulewa, wala sikukosa mtu wa kunionya. Nawaandikia bila jina kwa sababu huku kwetu Nachingwea wanaoijua habari hii wananitazama kwa jicho ambalo mpaka leo sijalizoea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, msimu ambao korosho zilitukubali. Mimi nilikuwa sijawahi kumiliki baiskeli. Hata kuendesha nilijifunza ukubwani, kwa baiskeli kuukuu ya jirani yetu hapa Nambambo. Mke wangu, nitamwita Zainabu, alikuwa na ombi moja tu.

"Mume wangu, nunua baiskeli itakayonifikisha kwa mama."

Mama yake aliishi peke yake Chinongwe, upande wa Ruangwa, na miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Zainabu hakujua kuendesha. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo mtu wa kumpeleka alikuwa mimi, hakuna mwingine.

Dukani nikakuta baiskeli mbili zinazolingana bei. Moja nyeusi, ya chuma kizito, ina keria pana nyuma. Ya pili nyekundu, ya gia, matairi ya vinundu vya mpira kama ya trekta, springi mbele na springi nyingine chini ya kiti. Ee Mungu wangu, ile nyekundu!

Barazani alikaa fundi baiskeli mmoja ambaye ukoo wake na wetu ni watani toka enzi za mababu. Akanipigia kelele mbele ya watu.

"Mtani, hiyo ya kuchezea! Hiyo springi ya nyuma haikubali keria. Mkeo utambeba mgongoni kama nyani?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Huyu mtu alishawahi kunitangazia msiba nikiwa hai, nimesimama palepale sokoni! Ningejuaje kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa anasema kweli? Nikamjibu, "Wivu tu huo, mla panya wewe!" Nikalipa.

Lakini nisijifiche nyuma ya utani. Macho nilikuwa nayo. Sikuona kwamba haina keria kwa sababu sikuangalia nyuma kabisa. Nilikuwa nawaza watu watakavyonitazama nikipita.

Na walitazama kweli! Siku ya gulio vijana walinipigia miluzi, "Braza, mashine hiyo!" Nikawa nabadilisha gia hata kwenye tambarare, wasikie inavyolia. Zainabu yeye aliizunguka mara moja, akaweka mkono pale nyuma.

"Mimi nakaa wapi?"

Nikamwambia fundi atafunga keria. Fundi nilipompelekea hakutania safari hii. Alinionyesha tu springi inavyopanda na kushuka, akasema chuma chochote akifunga pale kitang'oka, na mtu ataanguka nacho. Nikarudi nyumbani, nikaipangusa vumbi.

Masika yakaingia, magari yakaacha kupita kwa matope. Siku moja asubuhi mpita njia akatuletea salamu kutoka Chinongwe: mama mgonjwa, anamtaka mwanawe. Zainabu akafunga kanga zake upesi. "Kaazime kwa jirani ile ya keria, twende."

Hapa ndipo nilipokosea hasa. Niazime! Mimi mwenye baiskeli mpya kuliko zote kijijini, nikaombe kuukuu la kutu? Nikamwambia, "Ngoja nitangulie nikaone hali. Nina gia, nitawahi." Akanitazama, akafungua tena kanga zake. Laiti angenibishia!

Hata hizo mbio sikuziona. Kila nikikanyaga pedali, ile springi inabonyea, nguvu inaishia matopeni. Nilifika jua limeshapinda. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka mlangoni. Hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu, njiani.

"Mwanangu yupo wapi?"

"Nimetangulia, mama. Nimekuja kukujulia hali."

"Nnamuita mwanangu," akasema taratibu. "Wewe nani alikuita?"

Nililala pale na aibu yangu, kesho yake alfajiri nikarudi. Nikaenda mbio kwa jirani. Ile kuukuu ilikuwa imepeleka mahindi mashineni, haijarudi. Zainabu hakungoja. Akaanza kutembea, na mimi nyuma yake nakokota lile jekundu langu. Njia nzima hakugeuka nyuma. Tulikuwa bado mbali na Chinongwe, giza linaingia, tulipokutana na mjomba wake anakuja kwetu. Alipotuona akavua kofia.

Mama alishazikwa tulipofika.

Baada ya arobaini Zainabu aliniambia, "Wewe nenda. Mimi nabaki kwa mama." Kwetu nyumba ya mama hurithiwa na binti yake, hakuna mzee wa kumlazimisha kutoka. Niliwatuma washenga mara tatu. Wa mwisho alirudi na jibu kwamba hana hasira na mimi, ila amechoka kuningoja.

Na yule mtani wangu? Nilipita barazani kwake nikitamani anitukane, anizike tena nikiwa hai. Aliinuka, akanipa mkono wa pole, akarudi kwenye kazi yake. Hajanitania tena mpaka leo. Hamjui upweke wa mtu ambaye hata mtani wake anamwonea huruma!

Sasa napika ugali wa mtu mmoja, na kila siku unga nakosea kipimo, unazidi.

Ndugu zangu mnaokwenda kununua baiskeli kwa mara ya kwanza, gia na springi ziacheni kwanza. Nendeni dukani na yule mtakayembeba. Akae, mumzungushe uwanjani. Na kama mmeshakosea kama mimi, kaazimeni kwa jirani siku hiyohiyo. Aibu ya kuazima inaisha jioni. Yangu mimi kila siku naamka nayo.