Siku Manowari Ilipotutokea Ziwani

Dada yangu alipojifungua mapacha kule kisiwani, mama alisema hakuna mtu wa kumzuia kwenda. Kwetu Bumula mapacha si watoto wa kusikiwa tu habari zao. Lazima nyanya yao afike, awaguse, aseme maneno yake, la sivyo nyumba hiyo haitatulia. Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea mwisho. Mimi nilikuwa nimeolewa Kitale, nauza mahindi na maharagwe sokoni, na mtoto wangu wa kwanza ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Baba alikuwa mgonjwa wa mguu. Kwa hiyo wa kumsindikiza mama nikawa mimi, mtoto mgongoni, kuku wa zawadi kikapuni.

Jambo ambalo hatukulizungumza ni kwamba mama aliogopa maji. Kaka yake alichukuliwa na mto wakati wa mafuriko, akivusha ng'ombe. Tangu hapo mama alikuwa akivuka daraja huku ameangalia mbele tu, hageuki, hajibu salamu. Na sasa alikuwa anataka kuvuka Ziwa Viktoria.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa ametutumia ujumbe kwamba tupande boti ya asubuhi, kwa sababu asubuhi ziwa limetulia. Hakutuambia tulichoambiwa ufukweni na watu waliokuwa wakingoja pamoja nasi: kwamba siku hizo askari wa majini walikuwa wanazunguka karibu na mpaka, wananyang'anya wavuvi nyavu, na wengine walikuwa wamepelekwa wasikojulikana. Askari wa nchi gani? Kila mtu alikuwa na jibu lake.

"Turudi nyumbani, mama," nikamwambia. "Tutakuja mambo yakitulia."

"Wewe rudi," akasema. "Lakini uniachie hiyo kuku."

Tukapanda. Boti ilikuwa ya mbao, ndefu, injini moja nyuma. Abiria hatukuwa wengi: akina mama wachuuzi wa samaki waliokuwa wanarudi kisiwani, mwanamume mmoja aliyebeba godoro jipya, na sisi. Nahodha alikuwa mtu mnene, mpole, kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi. Mama alikaa chini kabisa, katikati ya boti, akakumbatia kikapu cha kuku na kufumba macho. Midomo yake ilikuwa inasali.

Nchi kavu ilipokuwa imebaki kama mstari tu nyuma yetu, mvua ikaonekana inakuja juu ya maji, nyeupe kama pazia.

"Hiyo itatupata?" mama akauliza bila kufumbua macho. Alikuwa ameisikia.

"Itatupata, mama, lakini ni mvua tu," nahodha akasema.

Ikatupata. Tulifunikwa hata sikuweza kumwona yule mwenye godoro vizuri, naye alikuwa amekaa mbele yangu tu. Nahodha akapunguza injini. Ndipo niliposikia mngurumo mwingine chini ya ule wetu, mzito, ambao niliusikia kwenye mbao kabla haujafika masikioni. Wachuuzi wakageuza vichwa wote kwa pamoja.

"Hiyo si ya mvuvi," mmoja wao akasema.

Ikatokea ndani ya mvua upande wa kulia. Ilikuwa ya rangi ya kijivu, imesimama juu ya maji kama ghala la mahindi la Kitale, na mbele yake mzinga umefunikwa turubai. Maji meupe yalikuwa yanapasuka mbele yake. Ilikuwa inakuja moja kwa moja kwetu, wala haikuonyesha dalili ya kutuona.

Mama alikuwa amefumbua macho. "Meri ya vita," akasema, kwa sauti ndogo.

"Ongeza moto, bana!" yule wa godoro akamwambia nahodha. "Tukimbie!"

"Ukikimbia watapiga risasi," mchuuzi aliyekaa karibu nami akasema. "Si uzime tu? Zima wajue hatuna neno."

Nahodha hakukimbia na hakuzima. Aliigeuza boti, akaielekeza pua yake kwenye ile manowari. Watu wakaanza kumlilia, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa lugha zao. Yule wa godoro akasimama, boti ikayumba, wachuuzi wakamvuta shati akaanguka juu ya godoro lake. Nahodha alisema tu kwamba wimbi likitupiga ubavuni tutapinduka, na kwamba kila mtu akae chini. Mpaka leo sijui kama alikuwa sahihi au alikuwa na bahati.

Nikasikia mikono mgongoni mwangu. Mama alikuwa anafungua fundo la leso.

"Lete mtoto."

"Mama, nimemfunga vizuri."

"Ndiyo sababu. Mjomba wako alikuwa amejifunga kamba ya ng'ombe mkononi. Ng'ombe akazama, akazama naye. Wewe ukienda chini, huyu asiende nawe."

Kulikuwa na mtungi mtupu wa plastiki, wa mafuta, unagongagonga miguuni mwetu. Mama aliuziba vizuri, akamlaza mtoto juu yake, akamzungushia leso na kukaza, kisha akazungusha tena. Mtu ambaye hakuweza kutazama mto wa kwao alifanya hayo yote manowari ikiwa inatujia, na hakukosea hata fundo moja. Mgongo wangu uliingia baridi pale mtoto alipokuwa amelala, na baridi ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko kitu kingine chochote cha siku hiyo.

Honi ya manowari ikalia tukiwa tumeshafikiwa. Juu kabisa nikaona askari kijana ameshika reli, mdomo wazi, anapunga mkono kwa mtu wa nyuma yake. Alikuwa ameogopa kama sisi. Manowari ikaanza kugeuka, polepole sana kwa kitu kinachokwenda kasi namna ile. Ukuta wa chuma ukapita ubavuni mwetu, karibu hivi kwamba mwenye kasia angeugusa. Niliona kutu kwenye misumari yake. Kisha wimbi likatuinua pua, tukabaki hewani kidogo, na tuliposhuka maji yakaingia yakatufikia magotini.

Mama alikuwa amemwinua mtoto na mtungi wake juu ya kichwa. Mtoto alikuwa analia kwa hasira, na kilio kile kilinipa nguvu. Tukakumba maji kwa sufuria, kwa viatu, kwa mikono. Godoro lilikuwa limenyonya maji likawa zito kama mtu, mwenyewe akalisukuma nje bila kuambiwa.

Ile meli ikasimama, ikarudi. Sasa hofu ikawa nyingine. Sauti ikatoka kwenye kipaza sauti, ikiuliza kama kuna mtu aliyeanguka majini. Nahodha akajibu hakuna. Wakauliza tunakwenda wapi, na tumebeba nini. Akataja kisiwa. Akasema amebeba watu.

"Na huyo mama ana nini kwenye mtungi?"

Watu wote wakamgeukia mama.

"Ni mtoto, baba," akasema kwa sauti kubwa. "Tunaenda kuona mapacha."

Mvua ilikuwa inapungua. Niliwaona juu wanazungumza wao kwa wao, na mmoja akacheka, kisha akaacha kucheka. Wakatuamuru tuwafuate.

Tukawafuata bila kujua wanatupeleka wapi. Nilikuwa nawaza jela ya nchi nisiyoijua, mume wangu anauliza habari zangu stendi ya Kitale. Nahodha aliangalia upande ambao jua lilikuwa linajitokeza, akaguna. Baadaye tukaona miti, halafu moshi wa majiko ya kukaushia samaki ya kisiwani kwa dada. Manowari ikapunguza mwendo, ikatuachia njia, ikaondoka. Walikuwa wametusindikiza.

Dada alitupokea ufukweni amebeba pacha mmoja. Mama hakumsalimia kwanza. Alimfungua mtoto wangu kwenye mtungi, akanirudishia, kisha akaketi kwenye mchanga na kutapika.

Mimi nilirudi Kitale wiki iyo hiyo, na yule yule nahodha, ziwa limetulia, nimeshikilia ubao wa boti njia nzima. Mama alikataa kuvuka. Alisema atarudi kesho, na kesho ikawa mapacha wameota meno. Baba alituma ujumbe, akatuma mwingine, mwishowe akatuma kwamba mguu umezidi, ndipo mama akakubali kurudi. Shemeji aliniambia mama alivuka akiwa amelala sakafuni mwa boti, amejifunika blanketi kichwa, dada amemshika mkono.

Jumapili iliyofuata akasimamishwa kanisani Bumula atoe ushuhuda. Habari ya manowari ilikuwa imefika kabla yake, na watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Mama akasema mapacha wana afya, mmoja ananyonya kuliko mwenzake, akamshukuru Mungu, akaketi.