Safari ya Masomo Hadi Ruashi

Kwa miaka mingi Claudine Ntumba alipitisha malori ya shaba Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, akibishana na madereva kwa Kibemba, na maofisa kwa Kifaransa, na wenye mali kwa Kiingereza cha kuokoteza. Kwa hiyo mkurugenzi wake alipomweleza kwamba hawezi kuongoza idara ya biashara ya kimataifa kwa kuwa hajaisomea, alielewa: kilichokosekana ni MBA.

Kaka yake Laurent alijitolea kumwongoza. Yeye alikuwa nayo, ya mtandaoni, kutoka chuo ambacho hakukumbuka vizuri kiko nchi gani, na tangu aipate alikaa nyumbani mtaani Katuba akingoja makampuni ya dunia yamgombanie. Makampuni yalichelewa kidogo. Ushauri wake ulikuwa Ulaya. Baridi, alisema, hufungua akili.

Basi Claudine akazungumza kwa video na mama mmoja wa chuo cha Ubelgiji, mpole sana, aliyesema polepole ili aeleweke hata Afrika. Fahari ya masomo yao, alisema, ni safari ya mwisho wa mwaka: wanafunzi hupelekwa kuona soko changa kwa macho yao. Claudine akauliza ni wapi.

"Lubumbashi," mama yule akatamka kwa uangalifu, kama anasoma jina la dawa. Wangetembelea mgodi wa Ruashi, tena wakiwa na mlinzi.

Dirisha la Claudine lilitazama mgodi huohuo wa Ruashi. Alishukuru, akakata simu, akacheka hadi machozi.

Laurent hakuona kasoro. "Utarudi huku kama mugeni," alimwambia. "Bageni banaheshimiwa."

Claudine akachagua Lusaka: masomo kwa Kiingereza, wiki moja kila mwezi, bila kuacha kazi. Laurent aliomboleza.

"Lusaka? Kule bantu banaenda kununua unga."

"Ni kule malori yangu inapitia, yaya," Claudine akamjibu kaka yake.

Mwanzo ulimtesa. Utani wa darasani aliuelewa jioni, akiwa peke yake kitandani, na mtihani wa kwanza wa hesabu ulimwangusha. Aliyemshika mkono ni mwanafunzi mwenzake Chilufya, mwanamke wa Ndola mwenye kampuni ndogo ya usafirishaji, ambaye naye Kifaransa kilimshinda kabisa. Wakafundishana kwa kugombana.

Alipomaliza, mkurugenzi alimpongeza kwa moyo wote, kisha nafasi akampa mpwa wake, Précieux. Kijana huyo hakuwa na MBA, lakini alikuwa na maono. Claudine alitabasamu hadi kwenye maegesho. Ndani ya gari akalia kwa hasira. Akajipangusa, akampigia Chilufya.

Sasa Claudine ndiye anayeiongoza kampuni ya Chilufya upande wa Kongo. Siku ya kwanza Chilufya alimwuliza kama kweli chuo kilimfaa kitu. Claudine akafikiri.

"Nilikupata wewe," akajibu, kisha wakaanza kubishana nani achukue meza ya karibu na dirisha.