Viti vya Matanga Vilitangulia

Mwaka 2016 mdogo wangu wa mwisho alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo iliyopita karibu na Yemen, vita vimechachamaa. Meli zilikwenda kwa msafara, manowari mbele, manowari nyuma. Mkewe aliishi nami kwenye fleti yangu ya Randburg, Afrika Kusini, akinisaidia kushona.

Jumamosi kampuni ikapiga simu: kaanguka baharini, hajapatikana. Nilipiga ukelele mmoja tu. Mama wa Kikongo, jirani yetu, ana roho nzuri kupita kiasi, na kwao kilio kikisikika viti hutolewa nje. Sijafuta hata machozi, korido imejaa viti vya plastiki na watu wamekaa, pole dada, pole.

Wifi akatoka. “Nani kafa hapa? Ondoeni viti vyenu!”

Eish, aibu niliyoipata! Lakini alikuwa na haki. Sheikh wetu alipoulizwa baadaye alimwambia: bila shahidi aliyemwona akizama, bado ni mke wa mtu. Asikae eda, asiolewe, angoje. Binti mbichi vile, angoje mpaka lini? Moyo uliniuma.

Nikaanza kumsaka rafiki wa mdogo wangu, kijana wa Tanga aliyekuwa naye zamu moja. Ujumbe anausoma, hajibu. Nilimtukana mpaka nikachoka. Wiki iliyofuata akapiga mwenyewe. Nikaweka sauti kubwa, simu juu ya cherehani.

“Dada, mimi sikuona kitu.”

“Wacha uongo wako! Ulikuwa naye!”

Wifi akaichukua simu. “Shemeji, sikulaumu. Niambie tu, nimekwama.”

 Kisha akasema. Mdogo wangu alianguka akifunga kamba, akaibuka, akaanza kuogelea. Nahodha alipewa habari, ila kwenye msafara ule hakuna kusimama. Ikisimama moja, inapigwa. Walimrushia boya, halikumfikia. Yule kijana akasimama mwisho wa meli akimtazama, mpaka kichwa kikazama kisitoke tena.

“Alikuita?” wifi akauliza.

“Aliniita, shemeji. Aliniita mpaka mwisho.”

Wifi akakaa sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza. Siku hiyo akaanza eda. Na mimi yule kijana nilimchukia, namchukia mpaka leo, wakati bila yeye wifi yangu angekuwa anangoja hadi sasa.