Shokapu ya Kutazama

Juzi nilikuwa kwa fundi baiskeli pale Makandana nikisubiri pancha, akaingia mzee wa Ikuti akikokota baiskeli mpya, ya zile zenye shokapu mbele zilizojaa madukani tangu biashara ifanywe huria. Mkono wake wa kulia uliwahi kuvunjika, na mtikisiko unamuumiza. Alikuwa ameuza mtamba wake ainunue, ili aendelee kuleta ndizi mjini.

“Inabonyea kidogo tu, halafu inagota,” alimwambia fundi.

Fundi aliitia grisi, akailalia kwa kifua. Ikagota palepale. Alipoifungua, tuliona springi fupi kama kidole gumba, na chini yake plastiki ngumu iliyojaza bomba lote.

“Haijaharibika, baba,” alisema taratibu. “Imetengenezwa hivi.”

“Mwenye duka alisema ni ya milimani.”

“Ni ya kutazama.”

Zamani maduka yalikuwa matupu, nasi tulijua hatuna kitu. Sasa yamejaa, na mtu anafika nyumbani ndipo anajua.

Mzee aliomba ifungwe tena vilevile. Akavua sweta, akalizungushia usukani upande wa mkono mbovu, akasema “Ndaga” kumshukuru fundi, akaondoka bila sweta katika baridi ile ya milimani.