Ng'ombe Ambao Meneja Hakuwatoa

Siku yangu ya kwanza jikoni, katika kambi ya watafiti wa dhahabu pale Kewanja, nilimwaga sufuria zima la uji. Mpishi Mkuu, mama Mkurya wa upande wa Kenya, akanitazama. "Wewe Bhoke, uji umewapa siafu. Sasa wanaume utawapa nini?" Nikampenda palepale.

Vijana wa leo mnadhani kupikia kambi ni kukoroga tu. Zamu ya alfajiri ilikuwa ya wachorongaji, wale wanaotoboa miamba kutafuta dhahabu, na hao hawali kidogo. Halafu kulikuwa na sampuli. Kila chakula tulichopika tuliweka kidogo kwenye friji hadi kesho yake, ili mtu akiumwa tumbo ijulikane kama ni jiko au ni gongo. Mara nyingi ilikuwa gongo.

Dhahabu ilileta wanaume kutoka kila kona, na mimi nikampenda dereva mmoja wa lori. Mimba ilipoonekana, akahama na lori lake. Baba yangu, Mzee Marwa, akatuma neno kutoka Nyarero kwamba nisikanyage bomani kwake. Nilikuwa nalia kazini nikisingizia vitunguu. Ningejifungulia wapi?

"Si umpeleke kwa chifu?" Mpishi Mkuu aliniuliza. "Kwetu huyo angelea mtoto, apende asipende."

Lakini dereva hakujulikana alipo. Meneja wa Kambi, Mswidi mrefu, hata hakuelewa tunalia nini. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alisema, "Mimi na mama ya watoto yangu, hapana funga ndoa. Watoto tatu. Kwetu hakuna mtu nauliza." Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mwenyewe.

Jumapili akatupakia garini, mimi na Mpishi Mkuu, akazungumze na Baba. Baba aliitikia shikamoo zao; yangu aliiacha hewani. Mswidi akaeleza habari za watoto wake, Mpishi Mkuu akatafsiri kwa Kikurya.

Baba alishtuka. "Watatu? Na hajatoa hata ndama wa mahari?"

"Hata mbuzi, tata," Mpishi Mkuu akajibu, yaani baba.

"Basi hao si wake! Kama ng'ombe hawajatoka, watoto ni wa boma la babu yao mzaa mama. Huyo mzee amewapokea?"

"Anawapenda sana," Meneja akajibu.

"Ndiye mzee huyo. Nani atakataa watoto wa boma lake?"

Hapo Mpishi Mkuu akaacha kutafsiri. "Na wa Bhoke, tata? Ng'ombe wake wametoka?"

Nilitamani ardhi inimeze. Baba akamgeukia mama yangu: "Mwambie mtoto wako asibebe ndoo za maji. Amekuwa mzito."

Kisha akataka kumkopesha Meneja mtamba mmoja wa kuanzia mahari, maana alimwona maskini sana.

Nilirudi jikoni baada ya kujifungua mtoto wa kiume, nikapika hadi miguu ilipogoma. Sasa nimestaafu, nalima mihogo Nyarero. Mjukuu wangu ananiuliza nani alikuwa sahihi, Mkenya, Mswidi au sisi. Namwambia sijui, kila mmoja alimtafutia mtoto pa kushika kwa namna ya kwao, na wote nawapenda.

Siku Baba alipozidiwa na ugonjwa, aliwaita wanawe wa kiume. Kaka zangu wote wanne wakaingia, wakasimama kando ya kitanda. Akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Mmoja bado."

Nikaenda shambani kumwita mwanangu.